Kugombea namba ya kotabeki: hesabu za kambi ya Seattle, 2012

Katika futiboli ya Marekani karibu kila nafasi uwanjani ina kupokezana. Mkimbiaji akianza kuhema anatoka, anaingia mwenzake. Wapokeaji wa pasi huingia na kutoka kufuatana na mchoro ulioitwa, yaani mpango wa shambulizi hilo. Watu wazito wa safu ya mbele ya ulinzi hupumzishwa kila baada ya michezo michache, yaani vipande vifupi vya mechi kati ya mpira kuanzishwa na filimbi. Kotabeki, anayeongoza mashambulizi na kutupa pasi, hapokezani na mtu. Yuko kama golikipa: namba moja anacheza, namba mbili anasimama pembeni na helmeti mkononi, na anaweza kumaliza msimu mzima bila kugusa mpira wa mechi. Kwa hiyo timu inapofungua kambi ya kiangazi bila kujua kotabeki wake ni nani, inayogombewa ni kazi moja, na anayeikosa amekosa karibu kila kitu.

Wengi hudhani namba hiyo hupatikana kwa mkono: nani anatupa mbali zaidi, nani mpira wake una kasi. Lakini watu waliofika NFL, ligi ya kulipwa ya Marekani, wote wana mikono ya kutosha. Kinachoamua ni zamu. Zamu ni mchezo mmoja wa mazoezi, kumi na mmoja kwa kumi na mmoja, tangu mpira unapoanzishwa hadi filimbi inapolia. Zamu za kambi ni chache, haziongezeki, na kila anayopewa mmoja amenyimwa mwingine. Kocha akitangaza kwamba nafasi iko wazi, maneno hayo hayana uzito mpaka uone zamu zimegawanywaje, pamoja na kikosi kipi, na dhidi ya mabeki gani. Sijaona mfano unaolionyesha hilo vizuri kuliko Seattle Seahawks ya mwaka 2012.

Watatu kwa kiti kimoja

Msimu wa 2011 Seattle walishinda mechi 7 na kupoteza 9. Kotabeki wao, Tarvaris Jackson, alianza mechi 14, akashinda 7 na kupoteza 7, na sehemu kubwa ya msimu alicheza na jeraha la msuli wa kifua. Chumba cha kubadilishia nguo kilimheshimu kwa hilo. Alikuwa pia na faida ya lugha: mratibu wa mashambulizi, Darrell Bevell, alikuwa amemfundisha kwa miaka kadhaa Minnesota, kwa hiyo Jackson aliyajua majina ya michoro yote kabla hajapanga kabati lake.

Kocha mkuu Pete Carroll na meneja mkuu John Schneider walitaka zaidi. Machi 2012 wakamsajili Matt Flynn kwa miaka mitatu, mkataba wa takriban dola milioni 19.5, kati yake milioni 10 zikiwa na dhamana. Flynn alikuwa amesugua benchi Green Bay kwa misimu minne nyuma ya Aaron Rodgers na kuanza mechi mbili tu za ligi. Ya pili, tarehe 1 Januari 2012 dhidi ya Detroit Lions, alipasi yadi 480 na tachidauni 6 (mabao ya kuufikisha mpira ng'ambo ya mstari wa goli), na Packers, timu hiyo ya Green Bay, wakashinda 45–41. Schneider mwenyewe alikuwa ametoka ofisi za Green Bay, kwa hiyo hakuuziwa mbuzi kwenye gunia. Alimjua mtu aliyemleta.

Mwezi uliofuata ukaja uteuzi wa wachezaji wanaotoka vyuoni, ule wanaouita drafti. Katika raundi ya tatu, akiwa mtu wa 75 kuitwa, Seattle wakamchukua Russell Wilson kutoka Chuo Kikuu cha Wisconsin. Urefu wake haukufika futi 5 na inchi 11, yaani kama sentimita 180, na huo ndio uliomfanya asubiri hadi raundi ya tatu. Ukuta wa watu watano wanaomlinda kotabeki kwa kawaida una vijana wa sentimita 190 na zaidi, na wanaomkimbilia wako hivyo hivyo. Mfupi inambidi apate mwanya wa kuona na kupitishia mpira. Kiganja chake, hata hivyo, kilipimwa zaidi ya inchi 10 kutoka ncha ya kidole gumba hadi ncha ya kidole cha mwisho. Kiganja kikubwa kinashika mpira ulioloa, na Seattle mvua haikatiki ukifika Novemba.

Baada ya kambi fupi ya wapya mwezi Mei, Carroll akasema kijana huyu naye yumo. Kukawa na watatu wanaogombea kiti kimoja.

Zamu zinavyogawanyika

Mwaka mmoja kabla, wamiliki wa klabu na chama cha wachezaji walikuwa wamesaini makubaliano mapya ya kazi, na kifungu kimoja kilibadilisha kambi zote: marufuku kufanya mazoezi mawili ya vifaa kamili kwa siku moja. Zamani kocha mwenye makotabeki wawili aliweza kumpa mmoja asubuhi na mwingine jioni, wote wakipambana kwa nguvu zote. Tangu 2011 nafasi hiyo haipo. Ana mazoezi mamoja ya kweli kwa siku, kisha ya pili, kama yapo, ni ya kutembea tu.

Tufanye hesabu ya mfano. Chukua siku yenye zamu 48 za kumi na mmoja kwa kumi na mmoja. Timu yenye kotabeki anayejulikana itampa namba moja kama 26, namba mbili 14, namba tatu 8. Ukiwa na watatu wanaogombea kwa haki, kila mmoja anapata 16. Kwa mazoezi matano, yule ambaye angekuwa na zamu 130 ana 80. Katika hizo 80, karibu nusu ni michoro ya kukimbia, ambapo kazi yake ni kumkabidhi mkimbiaji mpira na kuigiza kwamba bado anao. Zimebaki pasi 40. Ondoa pasi fupi za kando ambazo hata mchezaji wa sekondari angezikamilisha, zinabaki 25 au chini. Ndani ya hizo 25 benchi la ufundi linataka kumwona kwenye jaribio la tatu (timu ina manne ya kusogea yadi 10) likiwa na yadi 8 za kwenda, karibu na mstari wa goli, saa inapobaki dakika mbili, na mbele ya mabeki wanaovamia. Kila hali inabaki na pasi tano au sita. Mpokeaji akidondosha mmoja na mwingine ukiguswa na mkono wa beki, picha nzima imepinda.

Ndiyo sababu ushindani wa watatu hauwezi kuendelea muda mrefu. Wawili unawezekana. Watatu ni wa mwezi Mei na Juni, na kocha makini huwa ameshampunguza mmoja moyoni kabla mechi za maandalizi hazijaanza. Seattle ndivyo ilivyokuwa: Carroll aliwazungusha wote watatu mwanzoni, lakini Agosti ilipofika Jackson alikuwa ameshasukumwa nje ya hesabu, zamu zikabaki kugombewa na Flynn na Wilson.

Namna ya kugawa nayo ina uzito wake. Njia ya kwanza ni kubadilishana kila baada ya michezo minne au mitano. Inaonekana ya haki, kwa sababu wote wanakutana na mabeki wale wale, siku ile ile, upepo ule ule. Kasoro yake ni kwamba hakuna anayepata mwendo. Kotabeki hujenga kitu mchezo baada ya mchezo: anaona beki wa mwisho akisogea mapema mara mbili, mara ya tatu anampiga kwa pasi nyuma ya mgongo wake. Ukimtoa baada ya minne, hafiki hapo. Njia ya pili ni kumpa mmoja siku nzima na kikosi cha kwanza, kesho mwingine. Hapo utaona nani anaongoza watu, ila siku hazilingani, na aliyepangiwa siku ya mazoezi ya mstari wa goli atarudi na takwimu mbaya bila kosa lake. Mimi naunga mkono ya pili, kwa sharti kwamba benchi la ufundi liandike hali ya kila zamu na kulinganisha hali na hali badala ya jumla na jumla.

Kuna gharama nyingine ambayo haionekani kwenye karatasi. Kila kotabeki ana mpira wake: wa huyu unafika mapema na mgumu, wa yule unapanda juu kisha unashuka taratibu. Mpokeaji anayezoea mikono mitatu hazoei hata mmoja. Senta, anayeupeleka mpira nyuma kati ya miguu yake, anahitaji kujua viganja vya mwenzake vinakaa wapi, au, akiwa amesimama yadi tano nyuma, anaupenda kifuani au kiunoni. Makosa ya mpira kuponyoka wakati wa kuanzisha ni mengi mno kwenye kambi zenye ushindani, na mara nyingi lawama humwangukia kotabeki wakati tatizo ni kubadilishwa kwa jozi kila dakika kumi.

Sekunde 40

Tazama kazi yenyewe, maana hapa ndipo makocha wanapotoa alama zao.

Mchezo ukiisha, saa ya kuanzisha unaofuata huanza kuhesabu kutoka 40. Mratibu anamsomea kotabeki mchoro kupitia redio ndogo iliyo ndani ya helmeti; ndiyo ile helmeti yenye kitone cha kijani nyuma. Redio hiyo hukatika yenyewe saa ikifika 15. Kwa hiyo kotabeki ana sekunde zisizozidi 25 za kusikia sentensi ndefu yenye mpangilio wa wachezaji, mwendo wa mmoja wao kabla ya mpira, aina ya ulinzi wa ukuta, njia za wapokeaji na mwito wa kuanzishia, kisha aitamke yote mbele ya wenzake kumi bila kukosea neno. Mgeni kwenye kitabu cha michoro hupotezea muda hapa. Akitamka polepole, kikosi kinafika kwenye mstari saa ikiwa 9 au 8, redio imeshakufa, na muda wa kuwasoma mabeki umekwisha. Akizubaa zaidi ni adhabu ya yadi 5 kwa kuchelewesha.

Akifika kwenye mstari anamwonyesha senta yupi wa kuhesabiwa kama lainibeka wa kati (beki anayesimama nyuma ya safu ya mbele ya ulinzi), yule wanayemwita Mike, hata kama hasimami katikati. Kuanzia kwake ukuta unajua nani anamzuia nani. Akimtaja asiye sahihi, mtu mmoja atapita bila kuguswa. Watazamaji wataona kotabeki ameangushwa na watalaumu ukuta, ilhali benchi la ufundi litaandika kosa kwa kotabeki. Kisha anatazama mabeki wawili wa mwisho: wakiwa wawili nyuma kuna nafasi katikati, mmoja akishuka kuna mpokeaji wa pembeni aliyebaki na beki peke yake. Halafu mwito. Sauti mpya huwafanya watu wa ukuta waruke kabla ya wakati, yadi 5 nyingine. Kambi yenye makotabeki watatu ina sauti tatu.

Mpira ukishaanza, miguu ndiyo saa. Kurudi hatua tatu maana yake pasi itoke chini ya sekunde mbili. Hatua tano ni kama sekunde mbili na nusu. Hatua saba, kwa pasi ndefu, ni sekunde tatu hivi, na ni kuta chache zinazoweza kustahimili hivyo mara nyingi. Mpokeaji ana njia yake yenye idadi ya hatua, na pasi nyingi hutupwa kabla hajageuka. Kotabeki anayesubiri kumwona mtu akiwa huru ndipo atupe amechelewa nusu sekunde, na nusu sekunde ndiyo inayompa beki nafasi ya kuinasa. Hii ndiyo sababu makocha husema fulani anaona mapema na fulani anaona kwa kuchelewa. Wanazungumzia nusu sekunde hiyo, ambayo kwenye video inahesabika fremu kwa fremu.

Kila mchezo unapewa alama kwenye video usiku uleule: je, alimwita Mike sahihi, alianza kumtazama mpokeaji aliyepaswa kuwa wa kwanza, miguu ilikwenda na njia, mpira ulitua wapi? Pasi iliyokamilika inaweza kupata alama mbaya. Pasi iliyodondoshwa inaweza kupata nzuri. Mashabiki wanaohesabu zilizokamilika kutoka jukwaani wanahesabu kitu kingine kabisa na kile anachohesabu kocha.

Kambi inavyoficha miguu

Kambini kotabeki huvalishwa jezi ya rangi tofauti, mara nyingi nyekundu, kuonyesha kwamba haruhusiwi kuguswa. Ni busara, kwa kuwa hakuna timu inayotaka kumvunja mtu wake Agosti. Lakini jezi hiyo inapotosha upimaji. Beki akimkaribia, kocha anapiga filimbi na mchezo umekwisha, unahesabiwa kama ameangushwa. Kotabeki anayesimama imara na kutupa kwa wakati hapotezi chochote kwa utaratibu huu. Anayeishi kwa kuponyoka, anayemkwepa wa kwanza, akamzunguka wa pili na kutupa akikimbia, anapokonywa silaha yake bora. Filimbi inamhukumu kwa jambo ambalo kwenye mechi lisingetokea.

Wilson alikuwa mtu wa aina hiyo. Ungemhukumu kwa mazoezi tu, pengine Flynn angeshinda: alikuwa safi, mtulivu, mpira unatoka kwa wakati. Ndiyo maana mechi za maandalizi zilikuwa na uzito mkubwa hapa kuliko kawaida. Wakati ule zilikuwa nne. Tangu 2021 ni tatu, na nadhani upungufu huo umewaumiza zaidi makotabeki wa aina ya Wilson.

Mechi ya kwanza, tarehe 11 Agosti dhidi ya Tennessee Titans, Flynn alianza. Wilson akaingia kipindi cha pili, akapasi tachidauni ya yadi 39 na kukimbia mwenyewe nyingine ya yadi 32 baada ya kumlaghai beki wa ukingoni. Wiki iliyofuata Denver, mpangilio uleule. Flynn alitupa pasi ndefu iliyomkuta Terrell Owens mikononi, mkongwe aliyeletwa kujaribiwa mwezi huohuo, na Owens akaidondosha. Kwa upande wa takwimu ilikuwa pasi iliyokosa. Kwa upande wa video ilikuwa pasi nzuri, na naamini Carroll aliipa alama yake. Wilson naye akaingia na kuongoza mabao mengine, Seattle wakashinda 30–10.

Hapo swali likawa moja. Wilson alikuwa amefanya yote hayo dhidi ya mabeki wa akiba, watu ambao wengi wao wangeachwa wiki mbili baadaye. Mabeki wa akiba hawafichi wanachofanya, na hawana kasi ya kuziba pembeni. Makocha wengi hapa wangesema ameonyesha dalili nzuri, wakamrudisha benchi na kumpa namba mwenye mkataba. Carroll akafanya linalofanywa na mtu anayetaka jibu: mechi ya tatu akampa Wilson kikosi cha kwanza. Miaka ile mechi ya tatu ndiyo iliyokuwa zoezi kamili, timu zote mbili zikiacha watu wao bora uwanjani hadi kipindi cha pili. Flynn wakati huo alikuwa na maumivu ya kiwiko.

Kansas City, tarehe 24 Agosti, Wilson alikamilisha pasi 13 kati ya 19 kwa yadi 185 na tachidauni 2, na akakimbia yadi 58. Seattle walishinda 44–14. Siku mbili baadaye Carroll akamtangaza kuwa namba moja, na Jackson akapelekwa timu ya Buffalo kwa kubadilishana na chaguo la raundi ya saba ya drafti.

Mechi ya kwanza ya ligi ilikuwa tarehe 9 Septemba. Tangu tangazo hadi siku hiyo ni wiki mbili kamili, na muda huo hauangaliwi inavyostahili. Ligi ikianza zamu hazigawanywi tena. Namba moja anachukua karibu zote za wiki, na namba mbili anaongoza kikosi kinachoigiza michoro ya wapinzani ili mabeki wafanye mazoezi. Kocha anayechelewesha tangazo hadi siku nne kabla ya mechi amemnyima mshindi wake wiki ya kujenga mwendo na senta na wapokeaji. Wamarekani wana usemi kwamba ukiwa na makotabeki wawili huna hata mmoja, na sisi tunasema mafahali wawili hawakai zizi moja. Kwa maoni yangu wawili wanaweza kukaa mwezi mzima bila madhara. Kinachovunja timu ni zizi kutokuwa na mwenyewe siku ya mechi.

Baada ya tangazo

Mwanzo ulikuwa mgumu. Walifungwa Arizona 20–16 wakikwama karibu kabisa na mstari wa goli. St. Louis pasi tatu za Wilson zilinaswa, na sauti za kumtaka Flynn zikapanda. Bevell alikuwa amempunguzia michoro, akitegemea mbio za mkimbiaji Marshawn Lynch na ulinzi ambao mwisho wa msimu ungekuwa umeruhusu pointi chache kuliko timu yoyote ya ligi. Timu yenye ulinzi wa namna hiyo haihitaji kotabeki wa yadi 480. Inahitaji asiyepoteza mpira, na anayeweza kufufua mchezo uliokufa mara mbili au tatu kwa mechi. Hilo la pili ndilo Flynn hakuwa nalo.

Baada ya mechi nane walikuwa 4–4, yaani wameshinda nne na kupoteza nne. Nane zilizofuata walishinda saba, na Bevell akaongeza michoro ambayo Wilson alimtazama beki wa ukingoni na kuamua papo hapo kumpa Lynch mpira au kuubeba mwenyewe. Wakamaliza 11–5.

Takwimu za Wilson za msimu ule ni pasi 252 kati ya 393, yadi 3,118, tachidauni 26, zilizonaswa 10. Hizo 26 zilifikia rekodi ya mchezaji wa mwaka wa kwanza aliyoiweka Peyton Manning 1998. Kwa kuwa alama rasmi ya upasi hutajwa kila wiki bila kuelezwa, tuikokotoe. Asilimia ya zilizokamilika ni 64.1: toa 30, zidisha kwa 0.05, unapata 1.706. Yadi kwa kila pasi ni 7.93: toa 3, zidisha kwa 0.25, ni 1.233. Asilimia ya tachidauni ni 6.62, zidisha kwa 0.2, ni 1.323. Asilimia ya zilizonaswa ni 2.54: zidisha kwa 0.25, kisha toa jibu kwenye 2.375, inabaki 1.739. Hakuna sehemu inayoruhusiwa kuzidi 2.375 wala kushuka chini ya sifuri. Jumlisha, gawa kwa 6, zidisha kwa 100: alama 100.0. Kilele ni 158.3. Angalia kisichomo: kuangushwa, mbio za kotabeki mwenyewe, mpira kuponyoka. Kwa Wilson alama hii inaacha nje yadi 489 alizokimbia.

Fedha nazo hazikukaa pembeni. Mshahara wa msingi wa Wilson 2012 ulikuwa dola 390,000. Kumwacha benchi mtu wa dhamana ya milioni 10 kulihitaji meneja asiyeogopa kuulizwa na mwenye timu. Lakini kikomo cha mishahara ambacho ligi inakiwekea kila kikosi kinafanya kazi kwa jumla: kotabeki wa bei ndogo anaacha nafasi kwa wengine. Aprili 2013 Flynn aliuzwa Oakland, na kiangazi hicho Seattle walikuwa wameshawaongeza Cliff Avril na Michael Bennett, wavamizi wawili wa kumkimbiza kotabeki wa wapinzani.

Ukitaka kuona upande wa pili wa zamu, tazama New England 2021. Cam Newton alikosa siku tano za kambi kwa sababu ya taratibu za vipimo vya korona, zamu zote za kikosi cha kwanza zikamwendea kijana Mac Jones, na tarehe 31 Agosti Newton akaachwa. Au San Francisco, waliotoa chaguo tatu za raundi ya kwanza ili kumpata Trey Lance, mtu wa tatu wa drafti ya 2021. Majeraha yalimlia zamu za miaka miwili, Brock Purdy, mtu wa 262 na wa mwisho wa drafti ya 2022, akampita, na Agosti 2023 Lance akapelekwa Dallas kwa chaguo la raundi ya nne. Cleveland 2025 walifungua kambi na wanne: Joe Flacco, Kenny Pickett, Dillon Gabriel na Shedeur Sanders. Wanne hawagawiki. Pickett alipata jeraha la msuli wa nyuma ya paja mapema akapoteza zamu zake, na namba ikaenda kwa mkongwe Flacco, ambaye hakuhitaji nyingi.

Tarehe 2 Februari 2014 Seattle waliwafunga Denver 43–8 kwenye Super Bowl, fainali ya ligi. Jackson alikuwa amerudi. Buffalo walimwacha katikati ya 2013, na Seattle wakamwita tena kuwa namba mbili wa Wilson: mtu anayekijua kitabu cha michoro, anayeheshimiwa, asiyehitaji zamu. Robo ya nne, mechi ikiwa imeshaamuliwa, Carroll alimtoa Wilson, na Tarvaris Jackson akaingia uwanjani akiwa na kitone cha kijani kwenye helmeti.